Kioo cha Manjano na Jicho la Kushoto

Mke mwenzangu Mama Masele,

Shikamoo. Ulinitangulia kuolewa katika mji huu wa mume wetu, ukanitangulia na huko ulipo, kwa hiyo shikamoo yako ni ya mara mbili. Usihangaike kuitikia, nitahesabu umeitikia. Sisi tupo. Mvua imekuja vizuri, majaruba ya mpunga yamejaa, na yule ng'ombe wako wa pembe moja bado anapiga watu. Nimekataa asiuzwe. Kila akimpiga mtu nasikia kama ni wewe unayesema.

Anayeandika ni Kabula, mjukuu wako wa damu na wangu wa mgongoni, maana nilimbeba mimi mpaka akakataa kushuka. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwonya asininyooshee maneno. Ualimu wake abaki nao huko Chato kwa watoto wa watu. Hapa ni mkono wangu tu.

Nina jambo moja. Jicho langu la kushoto limepatwa na ule ugonjwa wako. Kesho kutwa kuna basi la asubuhi la kwenda Shinyanga mjini, na Kabula anataka nilipande, nikatolewe mtoto wa jicho hospitali. Mimi sijasema ndiyo wala hapana. Wewe ulikataa mpaka ukaondoka na giza lako, na walipokuja kukushawishi mimi ndiye niliyesimama mlangoni nikawaambia mwacheni, jicho ni lake. Sasa nitapandaje basi kimyakimya kama mwizi wa kuku? Ndiyo maana nakuandikia. Lakini siwezi kukueleza habari ya jicho kabla ya kukueleza habari ya darubini, kwa hiyo vuta kigoda.

Unaukumbuka ule ugomvi wetu wa mwezi? Mzee wetu alikuwa Geita kwenye machimbo, sisi tuko hapa Kagongwa na watoto, jioni tunabangua karanga uwanjani. Mwezi unatoka mzima kule upande wa reli. Wewe unasema, "Mwone yule mwanamke na mzigo wake wa kuni, hatui." Mimi nakuambia, "Mwanamke gani? Ile ni ng'ombe anamlamba ndama." Wewe unasema, "Mama Holo, wewe hata ukiona mkwe wako utasema ng'ombe." Tukacheka, tukanuniana, kesho yake tukaanza tena. Miaka yote ile hakuna aliyekubali. Mzee alipokuja likizo tukamwita aamue. Akatazama, akatutazama, akasema yeye anaona mwezi. Mwanaume yule alijua kuishi na wake wawili.

Kisha macho yako yakaanza. Ulisema, "Siku hizi mwezi una moshi." Mimi nikakujibu, "Moshi uko jikoni kwako, unapikia mavi ya ng'ombe mabichi." Tukacheka wote. Moshi ukazidi. Ukawa unakosea sufuria, ukawa unamwita Kabula jina la mama yake. Na kila mwezi mpya ulipoandama, uliniita kutoka ndani: "Mama Holo! Umekaaje?" Nami natoka natazama, nakuambia umelala kama bakuli, au umeinama upande wa kaskazini unamwaga. Wewe ukishajua umekaaje unapanga mambo ya mpunga kichwani mwako, unatulia. Siku moja nilikuambia umeinama na kumbe kulikuwa na wingu, sikuuona kabisa. Ukaniuliza, "Sasa mbona sauti yako imeinama na wewe?" Hukuwa unaona, lakini kukudanganya ilikuwa kazi.

Basi. Shule zilipofungwa Kabula akaja na bodaboda, amebeba kitu kirefu amekifunga kwenye kitenge kama anabeba maiti ya mtoto. Nikapiga kelele, "Mayu! Mama yangu! Nani huyo?" Akafungua: bomba jeupe na miguu mitatu. Nikasema hiki ni kipande cha pampu ya maji. Akasema, "Bibi, hii ni darubini. Nimeichukua kwa ajili ya watoto wangu shuleni, nataka kwanza niizoee hapa kwenye anga lenu." Akaisimamisha mlangoni kwako, maana pale ndipo penye ardhi sawa. Nikaona ni sawa. Wewe ulipenda wageni waanzie kwako.

Jioni ya kwanza mwezi ulikuwa mpevu. Kabula akalenga, akasema chungulia. Nikaweka jicho. Mama Masele, nilidhani nimechomwa na tochi ya mchimbaji! Mwanga mtupu umejaa ndevu pande zote. Machozi yakanitoka. Nikamwambia, "Rudisha hiki kitu ulikokitoa." Yeye akacheka. "Bibi, mwezi mpevu ni mkali kwenye darubini, na tena ndio siku mbaya ya kuutazama, hauna vivuli. Ngoja nikuwekee filta."

Hapo akatoa kisanduku. Ndani kuna vioo vidogo vya mviringo, kila kimoja na pete yake ya chuma, vimelala kwenye mashimo yao kama mayai. Kimoja cha kijivu, cha manjano, cha chungwa, chekundu, kijani, buluu. Unachomoa kile kimrija cha kuwekea jicho, unakikaza kioo kwa chini, kama unavyofunga kifuniko cha chupa ya dawa, unarudisha. Akaweka cha kijivu. Nikachungulia tena, mwezi umetulia. Bado una ndevu, lakini hauna hasira. Ulikuwa kama uso wa mama mkwe aliyeshapewa ugoro.

Nikamuuliza, "Hiki kioo kinaongeza nini?"

"Hakiongezi, Bibi. Hakuna filta inayoongeza. Zote zinapunguza. Zinazuia mwanga fulani ili kilichobaki kionekane."

Hapo nilikukumbuka mpaka nikainuka. Unakumbuka mwaka tuliomfuata mzee Geita, tukapata kibarua mwaloni, cha kuosha mchanga wa dhahabu? Tunamwaga tope juu ya ubao uliotandikwa magunia, maji yanakwenda na mchanga, dhahabu inanasa kwenye nyuzi. Kuna binti pale alikuwa anaongeza tope, anaongeza, anadhani wingi ndio mali. Wewe ukamwambia, "Mwanangu, hapa hatutafuti. Tunaondoa." Nikamwambia Kabula, hayo maneno ya vioo vyako bibi yako alishayasema akiwa na tope magotini.

Basi kuanzia hapo nikawa na hamu. Mimi si mtu wa kulala nikiwa na swali. Kila siku namuuliza: hiki cha buluu cha nini, hiki chekundu kinaona nini. Yeye akasema tungoje mwezi upungue, tuutazame alfajiri ukiwa nusu. Sawa. Mimi alfajiri niko macho kwa ajili ya kukamua. Siku ikafika. Anga limeanza kuwa la buluu, mwezi nusu uko juu, umefifia kama chapati iliyosahaulika. Kabula akakaza kioo cha manjano, akachungulia yeye, akaruka ruka.

"Bibi, njoo! Ona buluu ya anga ilivyofifia, mwezi umejitokeza wenyewe!"

Nikachungulia. Nikamwambia toa nione bila kioo. Akatoa. Nikachungulia. Weka. Akaweka. Toa. Akatoa.

Nikamwambia, "Mjukuu wangu, umeuziwa feki."

"Feki vipi?"

"Kuwa nacho na kutokuwa nacho, ni vilevile. Hamna kitu. Hiki ni kifuniko cha pipi."

Akabisha, nami nikabisha. Wewe unajua sisi watu wa huku, tumeishi na dhahabu ya uongo maisha yote; mtu akitaja feki kila mmoja anakuwa mtaalamu. Nikamwambia akifungue kile kioo anipe mkononi. Nikakisugua kwa kidole gumba, na mkono wangu una maziwa. Nikakipima uzito. Kisha nikakiuma.

Kabula akapiga yowe majirani wakatoka. "Bibi! Hiyo si dhahabu! Haviguswi hata kwa kidole, vinashikwa kwa pete!"

"Dhahabu au kioo," nikamwambia, "feki ni feki. Ung'ataji hauna makosa."

Akakifuta kwa kitambaa chake laini, huku ananung'unika, na mimi nanung'unika. Akachungulia tena. Akanitazama usoni, ule utazamaji wako wa kumtazama ndama asiyenyonya.

"Bibi, unachungulia kwa jicho gani?"

Nikamwambia ninalo moja tu la kuchungulia. Wewe unajua: tangu utoto la kushoto sijui kulifumba peke yake. Nafumba la kulia tu. Mlikuwa mnanicheka nikitunga uzi kwenye sindano, nimekunja uso wote. Kwa hiyo kila siku pale mlangoni nilikuwa nachungulia kwa la kushoto.

Kabula akaja nyuma yangu, akaliziba la kushoto kwa kiganja chake. "Sasa tazama."

Mama Masele. Kioo kilikuwa kizima. Feki lilikuwa jicho.

Anga lilikuwa limeiva, na mwezi umesimama juu yake, mkavu, unaweza kuugusa. Kabula akakitoa kioo: anga likarudi buluu, mwezi ukafifia. Akakirudisha: ukajitokeza. Nikamwambia aendelee. Ng'ombe wananililia, mimi natazama. Kisha akakaza cha buluu. Kwa la kulia nikaona mwezi wa buluu kama bakuli la bati lililooshwa. Akahamisha kiganja, nikatazama kwa la kushoto: matope. Giza la kijani kibichi, kama maji ya lambo wakati ng'ombe wametoka.

Kabula akaketi chini kabisa, kwenye udongo. Akasema, "Bibi, ndani ya jicho lako kuna kioo cha manjano tayari. Ndiyo maana cha kwangu hakikuonekana kuongeza chochote. Na cha buluu, mwanga wake unakwama kwenye chako. Sijui limeanza lini. La kulia lilikuwa linalifichia siri."

Nikamuuliza, "Ndicho alichokuwa nacho bibi yako? Ule moshi?"

Aliniegemea tu kwenye goti. Na mimi nikalifunika la kulia, nikaitazama nyumba yako kwa la kushoto. Nikaona ukuta wako una rangi ya chai ya rangi, mlango una ukungu, ua lote limezama katika moshi usio na moto. Kumbe ulikuwa unaishi humu. Nilikuambia mwezi umekaaje miaka yote ile na sikujua nilikuwa namwambia mtu aliyekaa wapi.

Usidhani nililia. Nilikwenda kukamua. Kidogo nililia, ng'ombe hasemi.

Sasa nikupe habari ya ugomvi wetu, maana najua ndiyo unayoingoja. Asubuhi ya pili nilitazama vizuri kwa la kulia, kioo cha manjano mahali pake, kwenye ule mstari ambapo mwanga unakutana na giza. Pale ndipo pa kutazama mwezi, Kabula anasema, maana vivuli ni virefu. Hakuna mwanamke wa kuni. Hakuna ng'ombe. Ni maduara! Mashimo ya wachimbaji matupu, makubwa kwa madogo, mengine ndani ya mengine, kama Geita palipopigwa rashi ya dhahabu, watu wakachimba wakahama. Nikasema, "Nani alichimba huku?" Kabula akasema ni mawe yalianguka kutoka angani. Nikamwambia hata hayo mawe yalikuwa yanatafuta kitu. Kwa hiyo wote wawili tumeshindwa. Lakini zile sehemu nyeusi, ukizitazama kwa mbali, bado ni ng'ombe. Nakuambia tu.

Jioni tukaanza na zile nyota za kutembea, Kabula anaziita sayari. Ile ya magharibi inayowaka mapema, tuliyokuwa tunarudi nayo kutoka kisimani, nayo ni kali kama mwezi mpevu. Kioo cha kijivu kinaituliza, unaona si mviringo, imekatwa upande. Ile kubwa ya mashariki nayo Kabula akanionyesha. Bila kioo ni kidoa cheupe na vijitoto vyake vimepangana. Akaweka cha buluu, nikakaza la kulia, yeye kaziba la kushoto. Mwanzo hamna. "Vumilia, Bibi, usihame." Nikavumilia. Ikaanza kujitokeza michirizi, miwili, imepita katikati kama mkanda kwenye tumbo la mtu mnene. Nilishtuka nikagonga bomba, nyota ikapotea. Tulianza upya, sikujali. Ile nyekundu nimeambiwa inatoka baadaye. Mimi baadaye nimelala.

Kabula aliniuliza, "Bibi, watoto wangu ni wapya kabisa. Niwaanzishie na vioo vipi?" Mimi sijui kusoma hata jina langu, lakini nimetazama. Nikamwambia: usiwamwagie kisanduku chote, watacheza na rangi wasitazame mwezi. Wape kwanza siku kadhaa bila kioo chochote, wajue uso wenyewe. Kisha cha kijivu, kwa siku za mwezi mkali. Kisha cha manjano, kwa mwezi wa asubuhi. Na kwa ile kubwa wape cha buluu, na cha chungwa wajaribu, wengine watakipenda. Chekundu kiache sandukuni. Bomba lako ni dogo, mwanga wake ni kiduchu, kile kinazima kila kitu kama kuingia jikoni kwa bibi yako. Wakitafuna kioo, wape karanga. Na kila mtoto umzibe jicho moja, halafu lingine, umuulize kama yanasema neno moja. Hilo nimelisema mara tatu. Ameniambia analo.

Na kulikuwa na kioo kingine, cheusi ti, wanasema ni cha kutazamia jua, kinafungwa palepale karibu na jicho. Kabula alikiweka juu ya jiwe akakipiga kwa mchi wako. Anasema bomba linakusanya moto wote wa jua pale, kioo kikipasuka jicho limekwisha kabla hujasema mama. Nilimwambia apige tena. Jua tulitazame likiwa kwenye mpunga, inatosha.

Haya, sasa tumefika kwenye jambo.

Zahanati walinimulika, wakasema ni mtoto wa jicho, anatolewa. Nikamwambia yule bwana mdogo wa koti jeupe nimezaa wote nyumbani, huyu wa mwisho ndiye amenishinda. Alicheka. Mimi nilikaa nafunga na kufungua fundo la khanga. Maana nilikusikia. Nilikusikia ukisema yale yale: "Wanaling'oa, wanaliweka kwenye sahani, wanalisuuza, wanalirudisha. Wakichanganya sahani unarudi na la mzee wa Mwanza." Na mimi nilikujibu, "Basi waombe wakupe la msichana." Hukucheka siku ile. Uliniambia taratibu, "Mama Holo, hiki kidogo ninachokiona, wakikiharibu, nitakuona kwa nini?" Hapo ndipo niliposimama mlangoni. Ulikuwa na sababu. Hata leo nasema ulikuwa na sababu.

Kabula hajanisukuma. Amenieleza tu: hawang'oi, wanatoa kile kioo kilichochakaa ndani, wanaweka kisafi. Nikamuuliza wanaweza kukosea? Akasema, "Wanaweza, Bibi. Mara chache." Nilimpenda kwa jibu lile. Angesema hawakosei, nisingepanda basi lake hata kwa kamba.

Nimekaa mlangoni kwako siku hizi, Mama Masele, nafunika hili, nafunua lile. Nakiri kuna uzuri wake upande ule wa moshi. Kuta zote zina jioni. Ningeweza kukaa huko na wewe. Lakini ile michirizi siioni. Nimejaribu, nimevumilia, Kabula amebadilisha vioo vyote: kwa la kushoto ni kidoa tu. Na mimi nina swali. Kabula anasema kuna nyota nyingine yenye pete kiunoni, na hewa ilipotulia juzi aliiona yeye, mimi nikaona kama yai. La kulia nalo ni la mtu mzee, halitangoja. Vioo vya kisanduku mtu anakaza, anatazama, anafungua, anarudisha. Hiki changu hakuna aliyeniuliza kabla ya kukikaza. Nataka kukifungua.

Wewe uliogopa kupoteza kidogo ulichokuwa unakiona, na kilichokuwemo ni mimi. Mimi ninachoogopa kupoteza kilishatangulia. Nitapanda basi.

Kabula ananitazama, kalamu imesimama. "Niandike hivyo?" Andika. Na futa pua, utalowesha karatasi.

Ng'ombe wako nimemwachia mke wa Masele, nimemwambia asimsogelee upande wa pembe. Nikirudi, mwezi utakuwa ndio unaandama. Nitaweka kigoda mlangoni kwako, bila bomba, bila kioo chochote. Nitafumba la kulia, si unajua ndilo pekee ninaloweza kulifumba, na nitautazama kwa lile lile lililokuwa nawe kwenye moshi. Utaniita kama zamani, nami nitakuambia umekaaje. Kama kuna wingu nitasema kuna wingu.

Kaa salama huko, dada. Ukimwona mzee mwambie alikuwa sahihi, ni mwezi.

Mimi mdogo wako wa mji mmoja,
Mama Holo